Hatamu Mkononi Mwangu

Kila siku baada ya alasiri nilimshikia rafiki yangu Alawiya hatamu kutoka bandani hadi kwenye kona ya ukuta, kisha nikamwachia, naye akazunguka shamba la baba yake mara tatu. Farasi aliitwa Meja. Bwana Yeslam, babake Alawiya, alimnunua kwa Mzungu mmoja wa Nyali aliyekuwa akiuza kila kitu ili arudi kwao. Mwaka ule wa 1961 Wazungu wengi walikuwa wakifunga mizigo. Alawiya alivaa suruali ya kaka yake chini ya gauni, akanicheka kwa woga wangu.

"Mwalimu," aliniita, kwa kuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, "mshike sawasawa. Farasi haogopi vyeti."

Siku moja, hatujafika kwenye kona, Bi Nadhira, shangazi yake, akatokea nyuma ya banda akitoka kwa jirani.

"Hamjambo, wanangu?" Akaninyooshea mkono.

Nimelelewa kwamba mkono wa mtu mzima hupokewa kwa mikono miwili na kubusiwa. "Shikamoo, Bi," nikasema, nikaupokea kwa mikono yote miwili. Upepo ukalipeperusha buibui lake, likamfunika uso. Nilipoinua uso, Meja alikuwa keshatoka mbio, hatamu ikiburutika mchangani. Alawiya aliangukia ukuta wa mawe.

Paja lilivunjika mahali pawili na kichwa kikagonga jiwe. Miezi mitatu alilala hospitali kule kisiwani, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma. Kila Jumamosi nilivuka daraja na kipande cha mkate wa sinia kwenye bakuli. Siku ile ilikuwa imemtoka akilini kabisa.

"Nilimpiga Meja teke?" aliniuliza. "Baba asema nilimpiga teke ili nijionyeshe."

"Sijui. Nilikuwa nimeangalia kando."

Hilo la kuangalia kando lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma zaidi.

Aliporudi nyumbani Kisauni na magongo yake, nilikwenda kwao kila jioni nikitoka shule, chaki bado vidoleni. Siku hizi nikisikia harufu ya asumini huziona tena jioni zile: Bi Nadhira juu ya mkeka akitunga vikuba vya maua hayo, redio ya jirani ikisema habari za mkutano wa London, na Alawiya katikati ya ua, ameuma mdomo, jasho likimtoka.

"Simama dede! Simama dede!" Bi Nadhira alimpigia makofi, kama apigiwavyo mtoto anayejifunza kusimama.

"Shangazi, nikianguka nitakuangukia wewe."

"Niangukie, mwanangu. Mimi godoro."

Tulicheka. Lakini hatua zilikuwa sita tu, kisha huketi. Daktari alisema mfupa umeunga, kilichobaki ni yeye mwenyewe.

Jioni moja Bwana Yeslam alipita uani, akasimama kumtazama. "Ungalinisikia, usingalikuwa hivi," akasema, akaenda zake barazani.

Alawiya akaweka magongo chini. Bi Nadhira alikuwa ameingia ndani kutawadha.

"Asema kweli," akaniambia. "Nimejivunja mwenyewe kwa kiburi changu. Nikibaki kilema, ni haki yangu. Usije tena, Ruwaida. Wapoteza wakati wako bure."

Sauti yangu ilitoka ndogo sana. "Hukumpiga teke. Hatamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliiachia nikambusu shangazi yako mkono."



"Miezi saba," akasema. "Miezi saba nakuuliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba nitainuka nikupige?"

Sikucheka, naye hakucheka.

"Nenda kamwambie Baba."

Kutoka pale uani hadi barazani ni mwendo mfupi, lakini sijui nilifikaje. Nilimweleza Bwana Yeslam nikitazama viatu vyangu. Nilisema nilipokea mkono wa mtu mzima aliyepita; Bi Nadhira sikumtaja. Alivua kofia yake akaipakata mapajani. Kisha tukasikia magongo sakafuni. Alawiya alikuwa anakuja, amevuka ua wote, mkono mmoja sasa umeegemea ukuta.

Bwana Yeslam aliinuka ili amshike.

"Niache, Baba."

"Mwanangu, nimekudhulumu," akasema taratibu.

"Ndiyo, Baba. Umenidhulumu."

Niliaga, nikashuka ngazi za baraza. Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni pa ua Alawiya aliponiita kwa sauti ambayo hata jirani waliisikia.

"Ruwaida! Sijakusamehe. Huenda mwaka huu nisikusamehe. Lakini kesho uje. Nikitembea, nataka nitembee nawe."