Ukuta wa Bwana Sostenes

Jumapili saa nne asubuhi Marafiki wa Chang'ombe walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyotazamana, wakinyamaza, na Mwanaidi alikuwa nje ya dirisha akikaanga vitumbua na kuongea. Hakuwa muumini wa kanisa lile. Alikuwa Mwislamu, Mrangi wa Kondoa, mjane, na jiko lake lilikuwa limekaa chini ya dirisha hilo tangu Marafiki hawajapanga chumba. Kanisa lao halikuwa na mchungaji wala mimbari wala kwaya. Watu walikaa kimya, na aliyeguswa moyoni alisimama akasema neno, akaketi, kimya kikarudi. Mtaani waliitwa Wanaonyamaza.

Ndani ya kimya chao walizipata habari zote za Mwanaidi. Mafuta yamepanda. Mkanda wa mashine ya kusaga umekatika tena. Zaitun, binti yake, hataki tena samaki. Mzee Elieza Chilongani, karani wa mkutano, ambaye maisha yake yote alilima zabibu, alisema kwamba siku ambayo hakumsikia Mama Zaitun alikuwa akijiuliza kama hakukosea siku.

"Mimi kunyamaza siwezi, mzee wangu," Mwanaidi alimwambia walipotoka, akimfungia vitumbua kwenye gazeti. "Nikinyamaza kichwa kinauma."

"Basi usinyamaze," alisema Mzee Elieza. "Sisi tunanyamaza kwa niaba yako."

Nyuma ya nyumba za mtaa ule palikuwa na njia ya miguu iliyokwenda zahanati. Hakuna aliyejua ni nani aliyeianza. Ilipita katikati ya uwanja mtupu, ikatokea kwenye lami, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya lami. Kisha mji ukapanuka, wageni wakawa wengi, na uwanja ukapata mwenyewe. Aliitwa Bwana Sostenes. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, aliyetaka kujenga ukumbi wa harusi. Alianza na ukuta. Ukuta ulipokwisha kupigwa lipu, njia ikaishia kwenye tofali, na mwenye kwenda zahanati akalazimika kuzunguka kupitia korongoni. Kiangazi korongo lilikuwa mchanga tu, ila mbali. Msimu wa mvua maji mekundu yalishuka bila taarifa, na watu walisubiri kwenye ukingo mpaka yapungue.

Jenifa, mmoja wa Marafiki, alisubiri kwenye ukingo huo mwezi wa kwanza, akiwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Ernest mumewe alimshikia mwavuli. Maji yalipungua jioni. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, na hakuishi.

Jumapili iliyofuata, kwa muda mrefu hakuna aliyesimama. Hata Mwanaidi alikaanga akinong'ona. Mwishowe alisimama Bibi Ruthu, mkubwa kuliko wote pale, akasema, "Njia ilikuwapo," akaketi. Mkutano uliona kwamba neno limetosha.

Walianza kwa kumtembelea Bwana Sostenes. Aliwapa viti na chai ya maziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tumekuja kwa ajili ya njia."

"Nimesikia ya yule mama, na imeniuma," alisema Bwana Sostenes, na ilikuwa kweli. "Lakini hati ninayo, mzee. Kwenye ramani hakuna njia. Nikiacha kilango kimoja, kesho ng'ombe watapita kwenye keki ya bibi harusi."

"Tunaomba kilango cha watu tu."

"Mzee, kunywa chai."

Baadaye alipeleka gunia la mchele msibani. Ernest alilipokea, kwa sababu waombolezaji walikuwa wengi.

Walikwenda ofisi ya viwanja pia, wakaambiwa warudi, wakarudi, wakaambiwa afisa mhusika yuko safarini. Ndipo Marafiki wakaamua kufanya wanalolijua. Kila Jumatano alasiri walichukua mikeka, wakakaa chini ya ukuta, mahali njia ilipoishia, wakanyamaza. Hawakubeba bango. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walisogea mbali kidogo ili wasiwapige.

Jumatano ya tatu au ya nne, Bibi Ruthu aliegemea ukuta na usingizi ukampitia. Wenzake walimwona akizama taratibu, kwanza mabega, kisha kilemba, kisha miguu na kandambili zake, kama mtu anayeingia kwenye lundo la unga. Hakuna aliyesema kitu, maana walikuwa katika ibada.

Upande wa pili Bwana Sostenes alikuwa akiwaonyesha mafundi pa kuweka jukwaa. Alimwona bibi amekaa chini, ana vumbi la saruji kwenye kope.

"Bibi, umeingilia wapi?"

"Ukutani."

"Lango liko kule," alisema Bwana Sostenes. Akamsaidia kusimama, akampangusa mgongo, na mlinzi akamtoa nje. Bibi Ruthu alijikuta kwenye lami, zahanati iko mbele yake, na kwa kuwa alikuwa amefika, akaingia kupima presha.

Tangu siku hiyo watu walipita. Marafiki wachache walikaa na kunyamaza, na kimya chao kilipotulia, ukuta ulilegea upana wa mlango. Anayepita naye alipaswa kuwa kimya, si mdomo tu, bali mwili mzima. Mlinzi hakusumbua. Aliagizwa asiingize mtu kwa lango, na hawa walikuwa wanatoka. Meshack, kijana wa bodaboda aliyekuwa akisali na Marafiki, alijaribu kupitisha baiskeli ya babake, na katikati simu yake ikaita. Yeye alitoka. Gurudumu la nyuma lilibaki ukutani, na Bwana Sostenes hakuruhusu likatwe kwa sababu kulikata kungeharibu lipu. Wanawake wakawa wanatundika hapo mikoba yao wakisubiri zamu.

Walikuwapo wasioweza. Watoto wachanga waliokuwa macho hawakuweza. Mwenye homa ya kuweweseka hakuweza. Mwanaidi hakuweza, na hakuona aibu. Alifika ukutani, akasema atanyamaza sasa, akaeleza jinsi atakavyonyamaza, akagonga paji la uso kwenye tofali.

Na Jenifa hakuweza. Alijaribu zaidi ya mtu yeyote. Alitembea vizuri mpaka vidole vikazama, mkono ukazama, kisha sauti ikamtoka, si kilio, sauti ndogo tu kama ya mtu anayeinua ndoo, na ukuta ukamrudisha. Ernest alimfuta vumbi mikononi. Wakapitia korongoni.

Bwana Sostenes alivumilia mpaka ukumbi ulipofunguliwa. Kisha akaweka spika mbili kubwa juu ya ukuta, zikielekea mtaani, zikawa zinapiga muziki tangu asubuhi hadi magharibi. Hakuwa na chuki. Alimweleza Mzee Elieza kwamba mwenye mali lazima aonekane anailinda, la sivyo hata bima hawamwelewi.

Marafiki walikaa chini ya spika. Walikuwa watu waliozoea kimya cha chumba, na kelele ziliwaingia hadi kwenye meno. Meshack alijikuta akitikisa bega. Bibi Ruthu alikariri wimbo mzima wa mapenzi bila kukusudia. Mzee Elieza alifumba macho kwa nguvu hata yakamuuma. Ukuta ukabaki ukuta, na watu wakarudi korongoni.

Mvua zilipoanza tena, Zaitun, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia, alishikwa na uchungu saa sita mchana. Korongo lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Mwanaidi aliacha vitumbua kwenye mafuta, akamshika bintiye mkono, wakaenda ukutani, na Marafiki waliokuwa karibu wakaja na mikeka wakakaa kwenye matope. Muziki ulikuwa wa harusi, wenye tarumbeta. Walikaa, na hakuna kilicholegea.

"Mzee Elieza," Mwanaidi alisema, "fanyeni basi."

"Mama Zaitun, tunafanya. Kimya hakitulii."

Zaitun aliegemea lile gurudumu akapumua. Jenifa alikuwa amemshika kiuno, na hakuwa akitazama korongo.

Mwanaidi alimtazama Jenifa, akamtazama binti yake. Kisha akakaa kwenye matope kati ya Bibi Ruthu na Mzee Elieza, akakunja kanga yake vizuri magotini, akanyamaza.

Baadaye alieleza, kwa maneno mengi, kwamba haikuwa kazi. Alikuwa amelea watoto watano kwenye chumba kilichopakana na mashine ya kusaga. Alikuwa amewalaza, amewanyonyesha, amemuuguza baba yao mpaka mwisho, na mashine inanguruma tangu alfajiri. Mtu akiishi hivyo, alisema, anajichimbia mahali chini kabisa pa kuwekea roho yake, na kuongea ni kama kuweka kifuniko juu. Siku ile alitoa kifuniko tu.

Waliokuwapo walisema kimya chake kilikuwa kizito kuliko chao. Kilikuja kama ubaridi wa chungu cha maji. Tarumbeta ziliendelea, lakini zilikuwa mbali, kwenye harusi ya watu wengine. Lipu ikalegea kwa upana wa mlango, kisha upana wa lori.

Zaitun alisubiri uchungu upite, akauma pindo la kanga, akatembea. Jenifa alimsindikiza mpaka pale vidole vilipozama, akamwachia. Bibi Ruthu akampokea Zaitun kiwiko, wakapita pamoja. Upande wa pili wageni walikuwa wakila. Mshereheshaji aliwaona mwanamke mjamzito na bibi kizee wakitokea nyuma ya meza ya keki, akasema kwenye kipaza sauti, "Tuwapishe kinamama, tafadhali," na watu wakasogeza viti.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa nane, wa kike. Mwanaidi alipita baadaye, akafika wodini, na hapo alianza kuongea na hakuacha hadi nesi alipombembeleza atoke. Mtoto alipewa jina la Rukia. Marafiki walipendekeza Kimya, ikaonekana si vyema.

Kuanzia hapo Mwanaidi alikuwa anakaa ukutani siku yoyote anayohitajika, muziki uwepo usiwepo, kisha anarudi jikoni kwake kuongea. Hakuhamia kanisa la Marafiki na hawakumwomba. Jumapili walimwachia dirisha wazi.

Bwana Sostenes aliongeza mistari miwili ya tofali juu, kwa sababu alikuwa na tofali zilizobaki. Wanandoa wakawa wanaulizia ukumbi wa kinamama wanaopita. Wengine walisema inaleta baraka.

Mwishowe yule mhusika wa ofisi ya viwanja alirudi kutoka safari. Alikuja mwenyewe, kijana nadhifu mwenye buti safi, na Mzee Elieza akamwonyesha njia ilipoishia. Wanawake watatu walikuwa wakisubiri. Mwanaidi alikuwa amekaa. Mhusika alitazama wa kwanza akipita, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Sasa mzee," alisema kwa heshima, "malalamiko yenu yalikuwa ni kwamba njia imezibwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mbona watu wanapita?"

"Wanapita wanaoweza kunyamaza."

"Lakini wanapita." Alifikiri kidogo, hakuwa mtu wa haraka. "Mimi nikiandika kuna kizuizi, nitakuwa nimesema uongo. Kizuizi ni kitu kisichopitika. Hapa nimeona kwa macho yangu. Hili jambo mmelimaliza wenyewe kwa amani, na ni mfano mzuri. Mitaa mingine wangekuwa wamefika mahakamani."

"Tunaomba mlango," alisema Mzee Elieza. "Mlangoni anapita hata anayelia."

"Mlango wa nini tena, mzee, na ukuta unapitika?"

Mwanaidi alifumbua macho. "Wewe kijana, mama yako anaitwa nani?" aliuliza, na ukuta ukakazana nyuma yake kwa mlio mdogo kama wa jino likigonga jino. Mhusika alitaja jina la mama yake, maana ameulizwa na mtu mzima. Mwanaidi alimweleza mambo mengi, mengine yakimhusu huyo mama. Alisikiliza yote akiwa amesimama wima. Kisha akapanda pikipiki ya Meshack akarudi mjini, na faili likafungwa.

Mwaka huo Jenifa alishika mimba nyingine. Marafiki walifurahi kwa namna yao, yaani walikaa. Mzee Elieza alikwenda tena kwa Bwana Sostenes kuomba Jenifa afunguliwe kilango, huyu mmoja tu, na Bwana Sostenes alisema angependa sana, lakini akimruhusu mmoja wengine watauliza kwa nini wao wanapita ukutani. Akampa chai.

Jenifa alijaribu ukuta mara moja tena, Mwanaidi akiwa amekaa na kimya kimejaa hadi mlangoni kwa fundi cherehani wa mwisho wa mtaa. Mkono ulizama mpaka kiwikoni. Ile sauti ikatoka.

"Acha, mwanangu," Mwanaidi alimwambia akiinuka. "Usijilazimishe. Tutakwenda kwa miguu."

Kwa hiyo siku za kliniki wanazunguka. Ernest anatangulia kuangalia maji. Bibi Ruthu anabaki, miguu haimruhusu, lakini Mzee Elieza anakwenda na fimbo yake, na Meshack akiwa hana abiria anakwenda. Mwanaidi anamshika Jenifa mkono na kuanza kuongea pale pale mtaani: mjukuu wake amesimama dede, mkanda wa mashine umekatika, yule kijana wa viwanja ameoa. Wanashuka korongoni, mchanga umelowa, ukuta uko juu upande wa kushoto. Jenifa hajibu. Akiteleza, Mwanaidi anamkaza mkono, na haachi kuongea hata wanapopanda ng'ambo.