Kikombe cha Kwanza cha Maman Consolate

Maman Consolate alikuwa amelima kahawa tangu usichana wake, na hakuwahi kuionja hata tone. Msishangae. Kule Katana, kijijini kwake kando ya ziwa, wako wengi wa namna hiyo: wanapalilia mibuni, wanachuma, wanaanika, wanajaza magunia, magunia yanavuka ziwa, na wao wanarudi nyumbani kunywa chai. Kwa Maman Consolate kahawa ilikuwa kitu cha kuuza, sawa na matofali. Na nani ametafuna tofali?

Ndiyo maana mwanawe Thierry alipomshauri wakate mibuni yote na kupanda mikaratusi, mama hakuona sababu ya kubisha. Mkaratusi unakua haraka, unatoa mbao, unakatwa na kuchipua tena. Thierry akaazima msumeno wa injini, na kazi ikapangwa kuanza Jumatatu.

Aliyeshtuka ni Colombe. Mibuni ile, iliyochukua nafasi ya mibuni mizee ya mama, ilipandwa na marehemu mumewe, Grégoire, kaka yake Thierry. Hawakujaliwa mtoto, na kila msimu mjane huyo alisafiri kutoka Bukavu kwenda kuipogoa na kuichuma mwenyewe. Mibuni ikikatwa, angekwenda Katana kufanya nini tena? Kusalimia na kurudi. Aliwaza hayo usiku kucha, na asubuhi akapiga simu kwa mama mkwe wake, bila kulia na bila kugomba.

“Maman, mbele ya kukata, mukuje kwangu dimanche. Nitabapikia.”

“Tutakuja, mutoto wangu,” akajibu mama. “Lakini kukata tutakata.”

Colombe alipanga katika nyumba ya zamani huko Nguba, mtaa mmoja wa Bukavu, moja ya zile zilizojengwa enzi za Wabelgiji, ambayo sebuleni ina meko makubwa ya mawe na dohani inayopanda hadi juu ya paa. Wapangaji waliomtangulia walikuwa wameweka televisheni ndani ya meko. Colombe aliiondoa, akachokoa dohani kwa mti mrefu mpaka viota na masizi vikamwagikia kichwani, akaning'iniza kulabu ya kushikia sufuria, na tangu hapo akawa anapika humo na kukaanga kahawa humo. Majirani walinong'ona kwamba ujane umemvuruga akili. Siku harufu ilipowafikia, walewale walibisha hodi, vikombe mkononi, na hakuna aliyeona haya.

Jumapili, baada ya misa, wageni wakafika. Maman Consolate aliingia, akayatazama meko, akavuta kiti hadi karibu na moto na kunyoosha miguu. Hapo alikuwa kwake. Wageni walikula sombe ya majani ya muhogo, maharagwe na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na bugali uliosongwa palepale kwenye moto. Mama alikula, akaongeza, akalamba kidole. Colombe akaona mambo yanakwenda vizuri.

Thierry naye alikuwa amekuja na mzigo wa kuni.

“Belle-sœur, kadeau yako,” alimwambia shemeji yake akiutua karibu na meko. “Kalitusi. Njo hii tutapanda kule.”

Zawadi mbele ya mama mkwe haikataliwi. Colombe akazipanga zile kuni motoni, akaweka chungu na kumimina kahawa mbichi. Kuni hazikuwa zimekauka. Zilichemka utomvu, zikafuka moshi mzito, na sebule nzima ikanuka dawa ya kuchua kifua. Thierry alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kahawa ilipoiva, ikatwangwa na kuchemshwa, Colombe alikwenda kuionja kwanza jikoni, faraghani. Harufu ya mkaratusi ilikuwa imeiingia yote, lakini wageni walikuwa wanangoja, akaimimina vikombeni.

Thierry alionja chake, akacheka kwa sauti. “Maman, njo hii kitu bazungu banasifu? Afazali tukate leo.”

Maman Consolate alikisogeza kikombe chake pembeni bila kukigusa na kugeukia dirisha, na hilo lilimuuma Colombe kuliko kicheko cha Thierry.

Aibu ilimshika, kisha hasira ikaifukuza aibu. Na hasira nyingine ni baraka. Alichomoa magogo ya Thierry moja moja kwa koleo na kwenda kuyatupa bustanini, yangali yakifuka. Akafungua madirisha yote. Akaosha chungu. Halafu akaleta kutoka stoo matawi membamba, makavu, aliyoyapogoa mwenyewe kwenye mibuni ya Grégoire. Thierry akauliza kama kadeau yake imekuwa mbaya. Colombe akayapanga matawi mekoni.

Matawi yalishika mara moja. Moto ukasimama safi, na moshi mdogo uliokuwepo ukapanda dohanini bila kumsumbua mtu. Colombe akamimina chunguni kahawa mbichi yote iliyobaki. Akaikoroga kwa mwiko, liwalo na liwe. Punje zikageuka manjano, zikanukia mkate, zikaanza kuwa kahawia, kisha zikaanza kupasukapasuka chunguni kwa sauti ndogo ndogo.

Maman Consolate akageuka kutoka dirishani. “Inalia?”

“Inalia, Maman. Njo inaiva.”

Mama akainuka. Alikuwa amekaanga mahindi na karanga maisha yake yote, na sauti hiyo hakuweza kuisikiliza akiwa amekaa. Akamnyang'anya Colombe mwiko.

“Weye unakoroga polepole sana. Chini itaungua.”

Wakaimaliza pamoja, mmoja akikoroga, mwingine akisukuma moto. Wakaimwaga kwenye ungo, wakaipeta, wakaitwanga kwa zamu na kuichemsha. Harufu ilijaa nyumba nzima na kutoka nje hadi barazani.

Maman Consolate alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akanusa. Akanywa kidogo. Thierry akafungua kinywa, mama akamnyamazisha kwa kidole, akanywa tena. Macho yakamjaa maji, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

“Miaka yote hii. Nilibeba hii kahawa kwa mugongo mpaka ku ziwa, ku bateau, na mimba kwa tumbo, na hakuna mutu aliniambia iko hivi.” Akakohoa kidogo. “Hii ni ya Grégoire?”

“Ya Grégoire, Maman.”

“Mutoto wangu alikuwa anajua?”

“Alikuwa anajua. Alisema siku moja atakukaangia.”

Mama akautazama moto. Kisha akamgeukia Thierry.

“Ile musumeno, kesho uirudishe kwa mwenyewe. Kalitusi utapanda kwa shamba yako. Miti ya Grégoire ni ya Colombe, na mwenye atataka kuikata, aanze na miye.”

“Lakini Maman...”

“Nimeshasema.”

Colombe alisimama pale, mikono myeusi kwa masizi. Katika ukoo ule mkwe hakunywa wala kula mbele ya mama mkwe wake. Hata mchana huo Colombe alikuwa amekula jikoni, peke yake. Maman Consolate aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Akavuta kiti kingine hadi karibu na moto, ubavuni pake, akakipiga kwa kiganja, kisha akamnyooshea Colombe kikombe chake mwenyewe, kikiwa nusu.

“Ikala,” alisema. “Kunywa.”

Colombe akaketi, akanywa mpaka chini.