Chausiku Arudishwa Buguruni

Mzee Khalfani hakuwahi kuhamia Mbagala. Alikuwa anakaa tu pale kwa muda, na muda wenyewe ulikuwa umefika miaka kumi na moja. Ukuta wa mbele haukupigwa lipu, uani hapakupandwa hata mchaichai, na kabati la vyombo lilikuwa bado na kamba ya katani iliyofungwa siku walipobomolewa Buguruni. Mkewe, Mwanaheri, akipata wageni aliazima sahani kwa jirani.

Sababu yake alimweleza yeyote aliyekaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha kahawa. Waliambiwa wapishe barabara. Wakapisha. Barabara haikuja, ulikuja ukuta, na ndani ya ukuta yakaja magari ya kuuzwa. Khalfani alimkumbuka aliyeshika kopo la rangi nyekundu, aliyeshika karatasi, na yule aliyesimama pembeni akila embe. Wa embe ndiye hasa hakumsamehe. Unaondoa watu, walau usile.

Katika vitu alivyookoa, kilichokuwa hai ni paka mmoja mweusi, Chausiku, wakati huo kitoto. Paka hufuata nyumba, hamfuati mtu, kwa hiyo Khalfani alifanya kama walivyofanya wazee: akamtia kwenye kiroba, akakizungusha mpaka mnyama akapotewa na mashariki na magharibi, ndipo akasafiri naye. Chausiku alitapika, akakaa. Mwanaheri alikuwa akisema kosa lake yeye ni kutomtia na mumewe kwenye kile kiroba.

Mwaka huu Chausiku akaacha kula. Daktari wa mifugo, kijana mpole aitwaye Wilbert, alimbonyeza tumbo, akasema figo zimekwisha na dawa hakuna, ila ipo sindano ya kumlaza asiteseke. Khalfani akamwuliza amri hiyo ametoa nani. Daktari akasema si amri, mzee, ni huruma. Khalfani akamjibu kwamba hata wao walibomolewa kwa huruma, waliambiwa ni kwa faida yao wenyewe. Akambeba paka wake akaondoka.

Toka hapo, kila jioni Khalfani akirudi kahawani alimkuta Chausiku amejikokota mpaka getini, ameketi anatazama njia.

"Paka akikaribia kufa huondoka, Baba Najma," Mwanaheri akasema. "Mwache aende."

"Anataka kwao. Kiroba hakikumwingia."

Basi neno likawa limepatikana. Chausiku atakwenda kufia kwao, na azuie anayeweza. Khalfani akamweka kwenye kikapu cha ukili, safari hii bila kufunika, aione njia, akakodi bajaji.

Kwenye geti la yadi ya magari, Buguruni, alikuwapo mlinzi, Apolinari, mtu wa bara. Alimwamkia mzee vizuri, kisha akachungulia kikapuni. Akaona paka mweusi, mifupa mitupu, anamtazama bila kupepesa. Akatazama kanzu. Akatazama kofia. Akarudi nyuma.

"Mzee, nyie ndio wale wa zamani?"

"Ndio sie."

"Mie nimeajiriwa tu. Kama ni mambo ya kienyeji, jina langu usilitaje."

Akafungua geti. Khalfani alikuwa amelipeleka suala lile kwa wakubwa wa kila daraja, kwa hoja, kwa mikutano, kwa kukaa chini akagoma kuondoka, na geti lile halikuwahi kusogea. Limefunguliwa na paka mwenye figo mbovu. Aliliweka moyoni.

Akapima kwa mnara wa msikiti, kitu pekee kilichobaki mahali pake, akapata ilipokuwa baraza yake, katikati ya magari mawili meupe. Akaweka kikapu chini.

"Haya. Umefika."

Chausiku akatoka. Akanusa zege. Akanusa tairi. Akazunguka palipokuwa mlango na palipokuwa jiko kama mgeni aliyeelekezwa nyumba siyo. Kisha akarudi, akapanda taratibu juu ya makubazi ya Khalfani, akajilaza. Khalfani akamwinua, akamrudisha barazani. Paka akarudi kwenye makubazi.

Apolinari alikuwa anatazama kwa mbali. "Mzee, imekubali au imekataa?"

"Imekataa."

Njia ya kurudi alimpakata. Wapo kwenye foleni ndipo akakumbuka kwamba zile jioni zote, aliyekuwa akitokea kwenye njia ile inayotazamwa ni yeye. Walipopita Mtongani, Chausiku akanyoosha miguu, akakata roho. Dereva alikuwa anaitukana foleni. Khalfani akamwitikia mpaka nyumbani.

Mwanaheri alimtazama mumewe, akakipokea kikapu. Khalfani akaomba jembe. Jembe halikuwapo, nani anunue jembe kwenye nyumba ya kupita? Wakaazima. Akachimba uani chini ya ukuta, akamlaza Chausiku ndani ya kanga kuukuu, akafukia. Mwanaheri akaja na shina la mchaichai la jirani, akalishindilia juu mbwa wasifukue.

Khalfani akautazama ule mchaichai.

"Kamba ya kabati," akasema, "ikate."

Mwanaheri akageuka kwenda ndani.

"Lakini yule wa embe simsamehe."

"Hakuna aliyekuomba," Mwanaheri akasema, akaenda kutafuta kisu.