Mashuka ya Ngazi Kuu

Mama yangu alipiga pasi katika kasri lile miaka ishirini na saba, na muda wote huo hakukanyaga ngazi kuu hata mara moja. Ngazi ile ya marumaru ilikuwa ya wenye nyumba na wageni wao. Watumishi walipandia uani, kwenye vijingazi vya giza, kikapu cha mashuka kichwani. Siku hizi wenye kasri wamekwisha, nyumba imegeuzwa makumbusho ya sanaa za kisasa, na Mama hanipi raha. Anataka kuipanda ile ngazi, mara moja tu, kabla goti lake halijapasuliwa wiki ijayo, maana daktari hakumwahidi kitu.

Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka. Kufika tu, nageuka kumshika mkono, simwoni. Nilimkuta nyuma ya jengo akigonga mlango wa jikoni.

"Mama! Siku hizi kila mtu anaingilia mbele!"

"Miguu ndiyo iliyonileta huku," akasema. "Mimi mwenyewe sina habari."

Ndani, chumba cha kwanza kilikuwa na viti vitatu vilivyopinduliwa. Cha pili kilikuwa na ndoo moja katikati ya sakafu, basi. Mama akaitazama ndoo, akatazama dari.

"Panavuja wapi?"

"Hapavuji, Mama. Hiyo ndiyo sanaa."

"Ndoo?"

"Twende, Mama."

Tukafika kwenye ngazi, na hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Kamba nyekundu imekatiza mbele. Kila kidato kimefunikwa shuka jeupe lililokunjwa ovyo ovyo na kutandazwa kutoka ukutani hadi kwenye mkono wa ngazi. Pa kuweka mguu hapana.

"Ngazi imefungwa," akasema mlinzi, kijana mwenye sare iliyomzidi mabega. "Wa ghorofani watumie ngazi za nyuma. Zile za watumishi wa zamani."

Nilitamani kupiga kelele. Badala yake nikamsomea Mama maandishi ya ukutani, kwamba kazi hii ya sanaa ni heshima kwa wanawake waliofua na kupiga pasi katika nyumba hii, ambao hawakuruhusiwa kupita hapa.

"Wanawake gani?" akauliza Mama.

"Nyinyi, Mama. Wewe."

"Sasa mbona wamenifungia?"

Nikamgeukia mlinzi. "Umemsikia? Mjibu!"

"Dada, mimi nimeambiwa kamba isivukwe."

"Huyu ndiye aliyeandikwa hapo ukutani!"

Akasogea, akasoma pole pole mpaka mwisho. "Hawajaandika jina," akasema.

Na kweli hawakuandika. Hilo liliniuma kuliko kamba yenyewe. Nikaanza kumpa vipande vyake, ingawa nilijua kijana wa watu hana kosa, na wakati namsema, Mama alikuwa ameshaichomoa kamba. Ameokota shuka la kidato cha kwanza, analikung'uta.

"Nani kakunja hivi? Pembe hazikutani!"

Akalibana katikati kwa kidevu, akakutanisha pembe, akakunja mara mbili, mara nne, mara nane, akalilaza kwa kiganja. Shuka lililokuwa limejaza kidato kizima likawa na ukubwa wa mto wa kulalia. Akalisukumia ukutani na kupanda kidato cha pili.

Mlinzi akaruka. Nikamzibia njia. Watu wakaanza kukusanyika na simu zao, na mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Onyesho limeanza." Mlinzi akasikia. Akasita.

"Yumo kwenye ratiba?" akaniuliza.

"Yumo," nikasema. Nilikuwa nimechoka, na uongo ulikuja wenyewe.

Vidato thelathini na viwili. Mama alikunja mashuka ya vyote, na nyuma yake nusu ya ngazi ikabaki wazi, marumaru tupu. Alipofika juu watu wakapiga makofi. Nikamkimbilia, machozi yananilenga, nafuu imenijaa kifua kizima.

"Haya, Mama, umepanda! Twende nyumbani."

Alikuwa anahema, amelishika goti. "Sijapanda."

"Hujapanda vipi na uko juu?"

"Nilikuwa kazini."

Nilimwomba. Nikamkumbusha goti, daktari, upasuaji. Nikamwambia nimechoka naye, na nilimaanisha. Wapi! Akaanza kushuka, mkono begani kwangu, kidato kimoja kimoja, nami nanung'unika moyoni mpaka chini.

Pale chini akanipa mkoba, akanipa na miwani. "Sitaki kubeba kitu," akasema. Akalinyoosha gauni lake na kuushika mkono wa ngazi.

Mlinzi aliyaangalia mashuka yaliyopangwa ukutani, akamwangalia Mama. Halafu akaiokota kamba sakafuni, akaikunja na kuwaambia watu, "Mpisheni bibi."

Mama akapanda. Taratibu, kichwa juu, bila kumtazama mtu. Katikati ya ngazi akasimama, na nikaona goti linatetemeka. Nikaruka vidato viwili kwenda kumshika.

"Rudi," akasema bila kugeuka. "Usiniharakishe. Leo mimi ni mgeni."