Uzito wa Suud

Jumatatu asubuhi, dukani kwake Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, Bwana Nasor aliondoa gunia la mchele kwenye mizani akampandisha mkewe, Bi Badriya. Kwanza peke yake, kisha akiwa amempakata mtoto wao Suud, wa miezi minane. Tofauti ilikuwa frasila mbili kamili, kama ratili sabini. Akamwita yaya, Angelina, akampima vivyo hivyo. Mikononi mwake Suud alikuwa na ratili kumi na saba, kama mtoto yeyote wa umri huo.

"Mizani ni nzima," alisema Bwana Nasor, akarudisha gunia lake.

Bi Badriya aliona wivu, wala hakuuficha. Lakini Jumapili moja ya kila mwezi Angelina alikwenda kwao Buguruni, na siku hiyo mgongo uliouma ulikuwa wa Bi Badriya. Shoga yake akamshauri amfunike mtoto kanga ya yaya isiyofuliwa. Suud akashuka mpaka frasila moja, nyumba nzima ikapumua.

Angelina naye alikuwa na mtoto, Severa, wa miezi kumi, akilelewa Buguruni na dada yake Euphrasia. Euphrasia alimbeba mgongoni huku akisonga ugali. Jumapili iliyopita Angelina alishindwa kumnyanyua kutoka mkekani. Alikaa kando yake akalia, kisha akarudi kazini.

"Bi Badriya, naomba Jumapili mbili kwa mwezi," alisema. "Mwanangu ananielemea."

"Na mimi huku? Kanga si huuzwa doti? Kipande kimoja kiache hapa, cha pili mpelekee mwanao." Alisema bila ubaya wowote.

Angelina akakipeleka. Mwezi uliofuata aliingia uani kwa dada yake.

"Nimemlaza nacho kila siku," alisema Euphrasia. "Sijakifua, japo kinanuka bizari."

Angelina aliinama, akajikaza kama mpagazi wa sokoni, akanyanyua. Nusura aanguke chali. Severa alikuwa mwepesi, na alimshika sikio.

"Vipi?"

"Mwepesi, dada." Alicheka machozi yakimtoka. Hakumweka chini kutwa, hata alipokwenda chooni.

Kutwa hiyo pia alijifunga kile kipande cha kanga, kishike tena harufu yake. Saa kumi akakivua, akamfunika nacho Severa, akarudi Kariakoo na gauni tupu.

Bi Badriya alikuwa mlangoni, Suud sakafuni.

"Afadhali umerudi," alisema.

"Afadhali," alisema Angelina, akamnyanyua Suud kwa mkono mmoja. Habari ya Jumapili ya pili haikutajwa tena.