Matangi Mawili, Watu Wanne

Kahawa ikishachumwa haingoji mkubwa amalize chai. Ukiilaza mpaka kesho inapata moto ndani ya gunia, inaharibika, basi. Ndiyo maana siku hiyo kiwandani, huku kwetu Githongo, nilikaribia kulia kwa hasira.

Tulikuwa tumebaki wakulima wanne, na matangi mawili ya kupokea kahawa. Ndambiri, meneja aliyeletwa kutoka Embu, alisimama juu ya ngazi akatusomea masharti ya ofisi. Kila tangi watu wawili. Ruiru, ile aina mpya ya kahawa, isichanganywe na ya zamani. Aliyepiga miti yake dawa mwezi huu asichanganywe na ambaye hajapiga.

"Jipangeni wenyewe," akasema. "Ni kutumia akili tu."

Akili! Mimi Mutembei nina Ruiru, na sijapiga dawa. Ciakuthii, jirani yangu, ana Ruiru lakini amepiga. Kiunga na Muthamia wana ile ya zamani. Muthamia amepiga, Kiunga hajapiga. Niliokota punje nne nikazipanga chini. Mimi na Ciakuthii, dawa inakataa. Mimi na Kiunga, aina inakataa. Mimi na Muthamia, yote mawili yanakataa. Nikapanga tena na tena kama mjinga.

"Haiingii," nikasema.

"Mzee, ofisi haiwezi kuandika kitu kisichoingia."

"Basi shuka uipange wewe!"

Hakushuka. Hao hawashukangi.

"Mwacheni," Muthamia akacheka. "Akishuka, viatu vitaingia matope."

Ciakuthii alikuwa ametia mkono ndani ya gunia lake. "Imeanza kupata joto, Baba Eunice," akaniambia. Kisha akapaza sauti: "Meneja, nilikuwa nimesahau! Mimi sijapiga dawa."

Muthamia akadakia, "Hata mimi! Kumbe ilikuwa mwaka jana."

Ndambiri akatabasamu. "Mnaona? Imeingia. Mutembei na Ciakuthii, tangi la kwanza."

Nikavuta gunia langu kando. Marehemu mke wangu, Angeline, ndiye alikuwa akipiga dawa shambani. Wakubwa wa chama cha ushirika walitupa dawa, hawakutupa glavu wala kitu cha kufunika mdomo. Kifua chake kikaisha hivyo hivyo, na wao bado wanatuambia tuongeze. Tangu nimzike, hakuna dawa imegusa miti yangu. Leo nimwage kahawa yangu pamoja na ya dawa?

"Naenda kuianika nyumbani iwe mbuni," nikasema. Kahawa ukiikausha na maganda yake hivyo, bei unayopewa ni matusi.

"Na mimi nibaki na nani kwenye tangi?" Ciakuthii akauliza polepole. "Ukienda, yangu inaoza. Kazi ya mwaka mzima, Baba Eunice. Angeline akiwa kitandani, aliyekuwa akimnywesha maji ni mimi. Si huyu meneja."

Nilipindua gunia langu ndani ya tangi, naye akapindua lake juu yake, hata sikujua tena ipi ni ya nani.

"Si niliwaambia?" Ndambiri akasema kutoka juu. "Mkitumia akili inawezekana."

Nikamwambia aende huko na akili yake, nikaenda kutafuta maji ninawe mikono.