Mita Kumi na Nane

Elijah hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na gari, hakuwa na wakili, hakuwa na mtu wa kumpigia simu pale kituo cha polisi. Na tangu Jumanne, lori lilipomgonga Lynn, kitinda mimba wake, kwenye barabara ya Voi kwenda Mwatate, hakuwa na Lynn.

Alichokuwa nacho ni hesabu. Aliisoma ukubwani, darasa la jioni, mikono ingali inanuka mkonge. Unapima alama nyeusi ambayo matairi yameacha yakifungwa breki. Kwa lami kavu unazidisha mita hizo kwa mia moja sabini na nane, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mwendo, kilomita kwa saa.

Kaloki, dereva wa lori, alikuwa rumande akiapa kwamba hakufika sitini. Afisa mpelelezi aliitaka familia iandike inayoyajua.

"Andika alikuwa anapaa," alisema Pauline, dada yake Elijah. "Aozee huko."

"Nitaandika nilichopima."

Alikwenda na utepe. Vumbi jekundu lilikuwa limefunika alama nyingi, lakini matawi ya kuonya magari yalikuwa bado kwenye lami, yamenyauka. Akaamua kwamba breki zilianzia pale. Mita hamsini mpaka lori liliposimama. Mwendo, tisini na nne, na lori mwisho wake ni themanini. Siku hiyo alikula akashiba, mara ya kwanza tangu msiba.

Kesho yake alirudi kuhakikisha. Kasiva, muuza matikiti wa pale kando, alimtazama akiinama.

"Mzee, unatafuta nini?"

"Breki za muuaji. Zimeanzia kwenye haya matawi."

"Haya? Haya niliyakata mimi! Nikayaleta huku mbali magari yasije yakamkanyaga mtoto wako amelala. Ulitaka niyaweke kichwani pake?"

Akachukua ufagio wake, akafagia vumbi. Chini ya matawi lami ilikuwa safi. Akaendelea kufagia, Elijah akimfuata nyuma, mpaka mstari mweusi ukatokea. Mita kumi na nane.

"Alitoka mbio, Mzee," Kasiva alisema polepole. "Matatu ya Mwatate ilikuwa inaondoka. Hakuangalia."

"Mbona hukusema?"

"Baba wa marehemu unamwambiaje hivyo?"

Elijah alipiga hesabu juu ya gunia la matikiti. Hamsini na saba. Akaifuta, akarudia, akiomba awe amekosea.

Nyumbani Pauline alimsikiliza amesimama.

"Ile tisini na nne nani anajua ni ya matawi?"

"Mimi."

"Basi nyamaza! Huyo ni mtoto wako au wa Kaloki?"

"Ni wangu. Alipokuwa darasa la sita alikuwa akinisahihishia hesabu zangu za jioni. Nikikosea hakunihurumia hata mara moja."

Pauline alitoka nje, kanga mdomoni.

Elijah aliandika mita, akaandika mwendo. Kisha akaandika: *Binti yangu alivuka akikimbia.* Kwenye neno la mwisho kalamu ilikwama, akalimaliza. Alilamba gundi ya bahasha ya afisa mpelelezi, akaikandamiza kwa kidole gumba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akavaa koti lake la kanisani, akashuka mpaka posta ya Voi, akaitumbukiza sandukuni.